Kuusifu Uongo Wenye Mvi

Uongo una maadui wengi na wakili hauna, nami nimejitolea kuutetea mmoja. Siusemei uongo wa kampeni, wala ule wa mwenye nyumba anayeapa kwamba mtaa huu maji hayakatiki. Nausemea uongo wa vyuo vikuu kuhusu umri wao: uongo mzee, uliovaa joho, unaosomwa kwa Kilatini siku ya sherehe. Mtu wa kawaida akidanganya umri hupunguza. Chuo kikuu huongeza, na kikiona jirani naye kaongeza, kinaongeza tena. Hiyo, kwa maoni yangu, ni kazi ya heshima, na sijui kazi nyingine ya wasomi iliyoleta manufaa mengi namna hiyo ikaumiza watu wachache hivyo.

Mashahidi wangu wakuu ni Oxford na Cambridge, kwa sababu wao wameifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko wote.

Agosti 1564 Malkia Elizabeth I alizuru Cambridge. Wenyeji wakamkirimu kwa mahubiri, michezo ya kuigiza na hotuba, na hotuba nyingine baada ya hotuba, maana walikuwa wasomi na hiyo ndiyo mali waliyokuwa nayo. Katikati ya maneno hayo msemaji rasmi wa chuo akapenyeza kwamba Cambridge imeitangulia Oxford kwa umri. Malkia hakuwa ameuliza. Habari zikafika Oxford, ambako Thomas Caius, mkuu wa University College, aliketi akaandika jibu zima kwa Kilatini, yasemekana kwa muda wa wiki moja. Kila aliyewahi kumsubiri profesa arudishe sura ya pili ya tasnifu na asimame dakika moja kuuheshimu muujiza huo. Hakuna ruzuku ya utafiti iliyowahi kumfanya msomi aandike kitabu kwa wiki. Wivu ulimwezesha.

Jibu lake lilikuwa kwamba Oxford ilianzishwa na wanafalsafa wa Kiyunani waliofika Uingereza pamoja na Brutus wa Troya, kisha ikafufuliwa na Mfalme Alfred katika karne ya 9. Muswada ukaangukia mikononi mwa Cambridge. Huko nako, kwa neema ambayo mtunzi wa vichekesho asingethubutu kuibuni, alikuwapo Caius mwingine. Huyu aliitwa John, na hawakuwa ndugu. Hakuwa mtu wa mzaha: alisoma udaktari Padua, akawa tabibu wa wafalme, akaandika juu ya ugonjwa wa jasho uliokuwa ukiua Waingereza, akatumia mali yake kukijenga upya chuo alichosomea, na chuo hicho hadi leo kinabeba jina lake. Mtu aliyezoea kupasua maiti kutafuta ukweli aligeuka, akachapisha mwaka 1568 kitabu cha kuthibitisha kwamba Cambridge ilianzishwa na Cantaber, mwana wa mfalme kutoka Hispania, karne kadhaa kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Jina lake hakuliweka. Alijiita mtu wa London tu, ili aonekane hana upande. Kisha, kwa ukarimu wa mshindi, akauchapisha na muswada wa Thomas nyuma ya kitabu hicho hicho, bila kumuuliza mwenyewe.

Simulizi za Cambridge zilidai pia kwamba Cantaber alileta walimu kutoka Athene, wakiwamo Anaximander na Anaxagoras. Wawili hao hawakuwahi kuonana, kwa kuwa Anaximander alikufa kabla Anaxagoras hajazaliwa. Lakini hebu tazama adabu ya uongo huo! Hawakusema Cambridge ilianzishwa na tajiri wa ng'ombe au mkusanya kodi. Waliotafutwa walikuwa wanafalsafa, na wakatafutwa mbali. Sisi wa pwani tunaielewa tabia hiyo vizuri. Tarikhi ya Kilwa haikutaka mji uanzishwe na mvuvi wa hapo hapo kisiwani. Ilimleta Ali bin Hassan kutoka Shirazi na jahazi zake. Mwanzo wa maana, popote duniani, lazima uvuke bahari.

Nyuma ya vitabu hivyo kulikuwa na hati, na hapa sifa zangu zinapanda. Kughushi si kazi ya mvivu. Mwandishi wa ukweli huandika alichokiona basi. Mghushi lazima ajue lugha ya zama anazoziiga, vyeo vya watu wake, namna walivyoweka tarehe na walivyogonga mihuri. Cambridge ilikuwa na hati ya Mfalme Arthur, yule wa meza ya duara, ya tarehe 7 Aprili 531, inayowasamehe wasomi kodi. Yaani mfalme ambaye hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba aliishi anasamehe kodi ambayo haikutozwa, kwa chuo ambacho hakikuwapo. Tarehe tu ndiyo kamili. Palikuwa pia na waraka wa Papa Honorius I wa mwaka 624, unaokiondoa chuo chini ya mamlaka ya maaskofu. Honorius alichaguliwa kuwa Papa mwaka 625. Kuna watumishi wa umma wanaosubiri miezi sita baada ya kuteuliwa ndipo watie saini barua ya kwanza. Huyu alitia saini kabla.

Na waraka ulifanya kazi. Mwaka 1430 Papa Martin V alimteua mkuu wa monasteri ya Barnwell, jirani kabisa na Cambridge, asikilize madai ya chuo dhidi ya mamlaka ya askofu wa Ely. Akaletewa nyaraka, akazikagua, akaridhika. Chuo kikawa huru. Karatasi bandia ilizaa uhuru halisi, na wanaofundisha sheria wangefanya vyema kuirudia kesi hiyo kila mwaka, maana karatasi halali nyingi hazijazaa kitu.

Oxford haikukubali kupitwa mahakamani. Chuo kile cha Thomas, University College, kilitokana na wosia wa William wa Durham, padri aliyefariki mwaka 1249 na kuacha fedha za kuwatunza walimu. Asili safi, yenye risiti. Lakini katika miaka ya 1380 chuo kilikuwa katika kesi ya ardhi, na wosia wa padri haumtishi mtu barazani. Walimu wakamwandikia Mfalme Richard II wakimkumbusha kwamba chuo chao kilianzishwa na babu yake mtukufu Alfred, kwa hiyo kesi hiyo ni yake vilevile. Wakaongeza kwamba mtakatifu Bede alisoma pale. Bede alikufa mwaka 735, zaidi ya miaka 100 kabla Alfred hajazaliwa, jambo linalomfanya kuwa mwanafunzi aliyewahi kuripoti mapema kuliko wote katika historia ya elimu.

Hilo lingeweza kusahauliwa, kama zinavyosahauliwa barua nyingi za kuomba msaada. Halikusahauliwa. Mwaka 1727 walimu wa chuo hicho walikuwa wamegawanyika juu ya nani awe mkuu wao, na ikabidi mahakama iamue nani mwenye haki ya kukisimamia chuo. Mahakama ya Mfalme ikaamua kwamba mwanzilishi ni Alfred, hivyo msimamizi ni mfalme aliyeko. Mzee mmoja aliyewahi kufundisha hapo, William Smith, alikuwa ametumia miaka mingi kuzisoma hati za chuo moja moja, na alijua ukweli. Alikasirika, akachapisha mwaka 1728 kitabu kinene kuthibitisha kwamba mwanzilishi ni William wa Durham. Kitabu ni kizuri sana. Hukumu haikubadilika. Mwaka 1872 chuo kikafanya karamu ya kutimiza miaka 1,000, kwa kumbukumbu ya kuanzishwa mwaka 872 na mfalme ambaye mwaka huo alikuwa akihangaika na Wadenmaki, katika mji ambao haukuwa hata ndani ya ufalme wake. Waingereza wana kisa cha Alfred mkimbizi aliyeachiwa mikate aiangalie jikoni akaiacha ikaungua, na yasimuliwa kwamba mtu mmoja mwenye roho ya utani aliwapelekea wakubwa hao mikate iliyoungua. Sijapata kusikia hoja ya kihistoria iliyotolewa kwa ufupi zaidi.

Basi ukweli ni upi? Nautaja kwa shingo upande, kwa kuwa mwenye kuusifu uongo hana budi kuonyesha mpinzani wake alivyo. Mwaka 1209 mwanamke aliuawa Oxford. Mwanafunzi aliyeshukiwa alitoroka, na watu wa mji wakawakamata wenzake waliokuwa wakiishi naye, wakawanyonga. Wasomi wakatawanyika kwa hofu, na baadhi yao wakaenda kukaa Cambridge. Mwaka 1214 mjumbe wa Papa aliwahukumu watu wa Oxford walipe shilingi 52 kila mwaka kwa ajili ya wanafunzi maskini na kuwalisha maskini 100 wa chuo siku ya Mtakatifu Nicholas. Cambridge kwa hiyo ni wakimbizi wa Oxford waliokataa kurudi. Oxford yenyewe haina siku ya kuzaliwa: kuna dalili za ufundishaji mnamo 1096, wanafunzi wakaongezeka baada ya 1167 Mfalme Henry II alipowazuia Waingereza wasiende Paris, na hapo katikati hakuna mtu aliyekata utepe.

Mnaona? Mmoja hana cheti cha kuzaliwa, mwingine alizaliwa kwa sababu ya maiti. Wasomaji wa hapa nyumbani hawahitaji maelezo marefu, maana Yanga ni ya 1935 na Simba ya 1936, na wako wanaoapa kwamba wa pili walitoka ubavuni mwa wa kwanza, na wako Msimbazi watakaoacha chakula mezani waje kukujibu. Tofauti ni kwamba watani wetu wa jadi hugombea mwaka mmoja na mechi huchezwa Jumamosi. Wale waligombea miaka 2,000, na mechi haijaisha.

Faida ya ugomvi huo ndiyo inayonifanya nivue kofia. Mwaka 1603 mwanahistoria William Camden alichapisha maisha ya Alfred yaliyoandikwa na Asser, askofu wa zama za mfalme huyo, na ndani yake kukawa na aya inayosema kwamba Alfred alikwenda Oxford mwaka 886 kusuluhisha walimu. Toleo la awali la 1574, lililotolewa na Askofu Mkuu Parker, mtu wa Cambridge, halikuwa nayo. Aya ilikuwa ya kupachikwa. Lakini ili kujua hivyo ilibidi watu wajifunze kulinganisha nakala na nakala, kuuliza ilitoka wapi na iliandikwa kwa mkono wa nani. Muswada wa zamani wa Asser uliungua mwaka 1731. Kilichobaki kutuongoza ni yale matoleo na kelele za waliogombana juu yake. Brian Twyne wa Oxford alichapisha mwaka 1608 kitabu cha kuutetea uzee wa chuo chake, kitabu kilichojaa imani kuliko ushahidi. Alipokuwa akitafuta silaha zaidi alinakili hati kila alipozikuta, juzuu kwa juzuu, na mwaka 1634 akafanywa mhifadhi wa kwanza wa nyaraka za Oxford. Wanahistoria wa leo wanaomcheka Twyne wanamcheka wakiwa wameshika nakala zake.

Thomas Caius naye hakuwahi kuiona zamu yake ya mwisho. Alikufa 1572, mwenzake John 1573. Majibu ya Thomas kwa kitabu cha John yalichapwa mwaka 1730, miaka 158 baada ya mazishi. Ukweli gani umewahi kusubiriwa kwa uaminifu namna hiyo?

Ubishi huu una sifa nyingine, ya kuwashughulisha watu wasipate nafasi ya kufanya mabaya zaidi. Mwanzoni mwa 1641, Uingereza ikiwa inaelekea kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge lilikuwa na muswada wa kodi unaotaja vyuo vikuu viwili. Jina lipi liandikwe kwanza, Oxford au Cambridge? Sir Simonds D'Ewes, mbunge aliyesoma Cambridge, akasimama akatoa hotuba ya kitaalamu juu ya ukale wa chuo chake, na hotuba hiyo ikachapwa mwaka uliofuata, ambao ndio mwaka vita vilipoanza. Kama wabunge wote wangetafutiwa chuo cha kukitetea, huenda mfalme angekufa na kichwa chake.

Sasa nifike mahali ambapo sifa zinaanza kunikwama kooni, ingawa sitaziacha. Mahasimu hawa wawili, wasiokubaliana hata juu ya Brutus, walipatana sawasawa juu ya jambo moja: asiwepo wa tatu. Katika miaka ya 1330 walimu na wanafunzi kadhaa wa Oxford walihamia Stamford wakaanza kufundisha huko. Mfalme aliombwa, akawafukuza, na tangu hapo kila aliyepewa shahada ya uzamili Oxford aliapa kwamba hatafundisha Stamford. Kiapo hicho kilifutwa mwaka 1827. Kwa karne sita hivi Uingereza yote ikabaki na vyuo vikuu viwili, wakati Scotland, nchi ndogo na maskini zaidi, ilikuwa na visivyopungua vinne kabla ya 1600. Nani angeuliza kwa nini hakuna cha tatu, wakati wote wameshikwa na utamu wa kujua kipi kati ya viwili ni cha kwanza? Kama kuna waliobuni njia bora zaidi ya kufunga mlango, sijawasikia.

Mlango ulisukumwa London. Chuo kilichoanzishwa huko mwaka 1826 kilipokea watu bila kuwauliza dini yao, kikapingwa na wakongwe wote wawili kilipoomba haki ya kutoa shahada, na mwaka 1836 ukapatikana mpango wa Chuo Kikuu cha London chenye haki hiyo. (Tangu hapo University College London, King's College na Durham wanagombea nafasi ya tatu kwa umri, kila mmoja akihesabu kuanzia siku inayompendeza: 1826, 1829, 1832. Uongo mzuri haukosi warithi.) Nakitaja hiki kitoto kisicho na Brutus wala Arthur kwa sababu ndicho kilichotufikia. Makerere ilipokuwa chuo cha ngazi ya shahada mwaka 1949, shahada zake zilikuwa za London. Nairobi na Dar es Salaam zilianza hivyo hivyo.

Marekani nitaipitia mbio. Mwaka 1895 ilikubalika huko kwamba katika maandamano ya kitaaluma vyuo vitangulizane kwa umri. University of Pennsylvania ilikuwa ikihesabu kuanzia 1749, Princeton ni ya 1746. Mwaka 1899 wadhamini wa Pennsylvania wakakutana, wakagundua kwamba chuo chao kilianza 1740, mwaka ambao ulikuwapo mpango wa shule ya hisani na jengo la kumhubiria George Whitefield. Hakuna aliyeghushi kitu, hakuna Papa aliyesumbuliwa. Kikao kimoja tu, na watu wakapita mbele kwenye foleni. Kazi safi, lakini haina sanaa.

Na kwetu? Kwetu tuna malighafi bora na tunaichezea. Makerere, Nairobi na Dar es Salaam walikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki kuanzia 1963, wakaachana siku moja, tarehe 1 Julai 1970. Watoto watatu walioondoka nyumbani asubuhi moja, na tazama sherehe zao. Dar es Salaam ilitimiza miaka 50 mwaka 2011, kwa kuhesabu tangu darasa la sheria lililoanza 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Nairobi ilitimiza 50 mwaka 2020. Makerere, miaka miwili baadaye, ikatimiza 100, kwa kuhesabu tangu Januari 1922, vijana 14 walipoanza kujifunza useremala, ujenzi na umekanika. Yote ni kweli, na hapo ndipo tatizo lilipo. Hakuna aliyekasirika. Hakuna profesa aliyekesha akimjibu mwenzake, wala waziri aliyeombwa aamue nani aandikwe kwanza. Mzumbe inahesabu hadi shule ya watawala wa serikali za mitaa ya 1953, na jirani zake wa Morogoro wananyamaza tu, kana kwamba miaka hiyo haina thamani.

Wakati huo kumbukumbu za vikao vya miaka ya sitini, barua za walimu waliokuja na kuondoka, orodha za wanafunzi wa kwanza, na picha zisizo na majina nyuma, zinangoja mahali zinapongoja karatasi zetu zote, pamoja na mchwa. Makamu wakuu wa vyuo wamekwisha kuombwa kwa barua na kwa semina waajiri wahifadhi nyaraka. Mimi sina semina, nina ushauri. Mmoja wenu na adanganye. Asidanganye kidogo, adanganye kwa kiburi, katika mahafali, mbele ya mkuu wa nchi, kwamba yeye ndiye wa kwanza. Kesho yake asubuhi wengine wote watakuwa stoo na tochi, wakifunua masanduku.

Waanze Nairobi. Chuo chao cha ufundi kilifungua milango 1956, nao wanahesabu tangu 1970. Wana miaka 14 waliyoiacha mezani, halali kabisa, hata kabla hawajaanza kubuni.